Acheni Kunisemea Sababu Zangu

Ukitaja Ukristo mbele ya wapenzi wa fasihi ya Kiafrika, haziishi dakika tano kabla mtu hajauleta ule msemo. Wazungu walipokuja, wao walikuwa na Biblia na sisi tulikuwa na ardhi. Wakatuambia tufumbe macho tusali. Tulipofumbua, Biblia ikawa yetu na ardhi ikawa yao. Wengine husema ni maneno ya Jomo Kenyatta, wengine husema ni ya Desmond Tutu. Anayeutoa huutoa kama vile kesi imekwisha, halafu anakugeukia wewe Mkristo uliyekaa pale, anakutazama kwa huruma kama mtu aliyetapeliwa stendi ya mabasi na hadi leo hajajua.

Mimi ni Mkristo, na huruma hiyo nimeichoka.

Tuelewane kwanza. Ardhi ilichukuliwa kweli, na wako wamisionari waliokaa meza moja na waliochukua. Shule za misheni ziliwafundisha watoto kuona haya majina ya babu zao. Hayo sibishani nayo. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ile inayorukwa haraka haraka: kwamba kwa kuwa aliyeleta habari alikuwa na mkono mrefu, basi aliyeipokea hakuwa na sababu. Eti yeye alifumba macho tu. Hata Tutu, ambaye watu humtupia msemo huu, alikuwa akiusimulia kama utani, tena akiwa kasisi. Akishamaliza kucheka aliichukua Biblia hiyohiyo akaenda nayo kuwakabili watawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Ajabu yetu ni kwamba tumechukua utani wa askofu tukaufanya hoja ya kumkana Mungu wa askofu.

Tuanze na jirani zetu, Uganda. Mapadre wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 waliondoka, wakahamia kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, na hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu hakukuwa na padre hata mmoja pale. Kama imani ilikuwa mazingaombwe ya Mzungu, huo ndio ulikuwa wakati wa kuzinduka. Haikuwa hivyo. Waumini wenyewe waliendelea kukusanyika, kufundishana na kuwavuta wengine. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alipowaua vijana wahudumu wa ikulu yake, wengi kwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni, Uganda haikuwa koloni la mtu. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1894. Vijana wale hawakuwa na bendera ya kujificha nyuma yake, na aliyekuwa na mamlaka juu yao alikuwa mfalme wao mwenyewe, mtu mweusi kama wao, aliyewapa nafasi ya kukana. Unaweza kusema walikosea. Lakini huwezi kusema hawakuwa na sababu, na wala huwezi kusema walifuata mkate.

Na hao ni wa juzi tu. Mwaka 203, pale Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwanamke aitwaye Perpetua aliuawa uwanjani pamoja na Felisita, aliyekuwa mtumwa na amejifungua gerezani siku chache kabla. Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, ananyonyesha. Aliandika shajara humo gerezani, na maandishi yake ni miongoni mwa ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyonayo. Anaeleza jinsi baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, alivyokuja kumbembeleza amhurumie yeye na mtoto. Mtu anayeniambia kuwa hii ni dini iliyoshuka Afrika kwa meli ya mkoloni, ninamwomba amsome huyo binti kwanza. Akimaliza amsome Agostino, mzaliwa wa Thagaste, katika Algeria ya leo, ambaye kitabu chake cha Maungamo kimewafundisha Wazungu namna ya kuandika habari za nafsi.

Sasa tuje kwenye riwaya, maana humo ndimo tunamoshinda. Wengi huisoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shujaa Okonkwo, wakaiweka upande wa mashtaka dhidi ya kanisa. Sawa, mashtaka yamo. Lakini soma tena Nwoye anavyoingia. Mmisionari anapohubiri pale Mbanta, mkalimani wake anaongea lahaja ya kwao, na kila anapotaka kusema "mimi mwenyewe" maneno yanatoka kama "makalio yangu". Watu wanaangua kicheko. Hoja za Utatu zinamchosha Okonkwo, anaona huyu mtu ana wazimu. Yaani kwa mizani ya mjadala, mmisionari ameshindwa vibaya.

Na bado Nwoye anaguswa. Hakuguswa na mantiki, wala Achebe hatudanganyi kuwa aliielewa. Kinachompata ni wimbo kuhusu ndugu waliokaa gizani na hofuni, kwa sababu tayari alikuwa na swali lililomkaba muda mrefu: wale mapacha wanaotupwa msituni wakilia, na Ikemefuna, kijana aliyekaa nyumbani kwao miaka mitatu kama kaka, kisha akauawa na baba yake Nwoye akashiriki. Hakuna Mzungu aliyempa Nwoye swali hilo. Alikuwa nalo kabla baiskeli ya kwanza haijaonekana kijijini. Kilichokuja ni jibu, au mwanzo wa jibu, kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akichekwa.

Mtazame na Nneka, mwanamke wa kwanza kujiunga na kanisa hilo. Alishajifungua mara nne, kila mara mapacha, kila mara wakatupwa. Sasa ana mimba tena. Nenda ukamwambie huyo kwamba amefumba macho. Mimi nadhani katika ile Mbanta yote yeye ndiye aliyekuwa ameyafumbua kuliko wote.

Nitajibiwa kuwa Ngugi wa Thiong'o alilimaliza suala hili. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, akawaambia wazi kuwa yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo, akalishtaki kanisa kwa kukaa upande wa wanyonyaji. Namheshimu kwa kuyasema hayo usoni mwao badala ya kuyasemea kilabuni. Lakini sikiliza shtaka lenyewe. Anawashtaki kwa nini? Kwamba wamewaacha maskini. Kwamba wamebariki dhuluma. Kwamba ibada zao zimejaa na haki haipo. Hilo shtaka ni la nabii Amosi, aliyewaambia watu wa Israeli kuwa Mungu anachukizwa na sikukuu zao hali wanamuuza fukara kwa bei ya viatu. Mtu anayelishtaki kanisa kwa kutofanana na Yesu hajamshtaki Yesu. Amempeleka mahakamani kama shahidi wake.

Kabla wenzangu wa kanisani hawajapiga makofi, nina neno na wao pia. Huu uvumi kwamba Mwafrika huamini kwa tamaa, nani anaulisha kila Jumapili? Ni sisi. Washa redio, washa televisheni, usikilize shuhuda. Nilikuwa sina gari, sasa ninalo. Nilinyimwa viza, nikapanda mbegu, nikapewa. Mchungaji anauza mafuta na maji kwa chupa, na anayenunua anaambiwa asipopona imani yake ni ndogo. Hapo msomi asiyeamini na mhubiri wa mafanikio wanakubaliana kabisa: wote wawili wanasema dini ni biashara. Mmoja anasema sisi tulipunjwa, mwingine anasema tutapata faida. Tofauti yao ni hesabu tu. Na mtu aliyeokoka kwa ajili ya gari ataacha kusali gari likiharibika, na atakuwa na haki, kwa sababu hakuambiwa jambo jingine lolote.

Basi kama si gari na si mkoloni, ni nini? Nitasema zangu, fupi fupi.

Kwanza, nazisoma Injili kama msomaji wa hadithi, na haziandikwi kama watu wanavyoandika propaganda ya chama chao. Petro, mkuu wa wale kumi na wawili, anamkana bwana wake mbele ya kijakazi. Wenzake wanatimua mbio. Wanaokwenda kaburini ni wanawake, katika jamii ambayo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, na wanaporudi na habari mitume wanaona ni upuuzi. Mtu anayetunga dini ili atawale hawatungi wakuu wake hivyo. Miaka ishirini na kidogo baadaye Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba waliomwona Yesu akiwa hai baada ya kufa ni wengi, na wengi wao bado wapo. Yaani, nendeni mkawaulize. Sisemi hii ni hisabati. Nasema ni ushahidi, na nimeupima nikaona unasimama vizuri zaidi kuliko maelezo mengine niliyopewa.

Pili, msalaba. Tumeuzoea mno, tunauvaa shingoni kwa dhahabu, tunasahau kuwa kilikuwa chombo cha kunyongea watumwa na waasi. Ni kama mtu wa leo avae kitanzi. Dini ikisema Mungu ni mkuu, sishangai, hata mfalme akiandikiwa utenzi hutajwa hivyo. Dini ikisema Mungu alikufa kifo cha mtumwa, mikononi mwa dola na kwa shangwe za watu wa dini, hapo ninanyamaza. Mimi ni mjukuu wa watu waliopigwa na dola. Mungu anayekaa upande wa dola hanihusu. Huyu ananihusu.

Tatu ni jambo gumu, na nisingeliacha hata mngeniruhusu. Rwanda. Mwaka 1994 ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizojaa Wakristo, na watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, Ntarama, Nyamata, Nyange. Pale Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga na waumini wakiwa ndani, na padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha. Mkristo asiyeweza kulitazama jambo hili asinihubirie. Silipunguzi kwa kusema "wale hawakuwa Wakristo wa kweli". Walibatizwa, walikomunika, wengine walikuwa na joho.

Lakini mwaka huohuo, Gisenyi, alikuwepo Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mhutu, mwanamke aliyejitoa kwa kazi za kanisa, na aliwaficha Watutsi. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi, akataka kumwokoa. Alikataa kuokolewa peke yake. Aliuawa pamoja nao, na Rwanda imemweka katika orodha ya mashujaa wa taifa. Seromba na Félicité walisoma kitabu kimoja. Sasa niambie, ni yupi kati yao aliyekisaliti? Umejua bila kuniuliza. Hata wewe usiyeamini umejua. Seromba unamlaani kwa maneno yaleyale aliyokuwa akiyasoma madhabahuni, na Félicité huwezi kumweleza vizuri bila kumtaja yule aliyesema hakuna upendo mkuu kuliko kufa kwa ajili ya rafiki. Kwangu imani hii ni kweli kwa kiasi ambacho inatuhukumu sisi wenyewe tunaoishika. Nimesoma itikadi nyingi zinazowahukumu wengine. Hii inaanza na nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo sidai mniamini. Ubishi ni haki yenu, na mimi naupenda. Niambie wale wanawake wa kaburini walikosea, uniambie na wewe unadhani kilitokea nini. Niambie mateso ya duniani hayaendani na Mungu mwema, tutakesha kwenye hilo na huenda nisikushinde, maana ni swali zito na Ayubu aliliuliza kabla yako. Niambie utu unaweza kusimama bila Mungu, nitakuuliza unasimama juu ya nini, nawe unijibu. Hayo ni mazungumzo ya watu wazima.

Lakini kuniambia nani alileta habari hii si hoja dhidi yake. Hesabu zetu za shuleni tumefundishwa kwa vitabu vya mkoloni, na mbili na mbili bado ni nne. Barua haipimwi ukweli kwa kumtazama tarishi, hata kama tarishi njiani aliiba kuku wetu. Tumdai kuku, ndiyo, tena tumdai kwa sauti. Kisha tuifungue barua tuisome. Vijana wa Namugongo waliisoma, Perpetua aliisoma kabla ya wote hao, na Nneka wa Achebe aliisikia akiwa na mimba ya tano. Kama mnaona walisoma vibaya, nionyesheni mstari walipokosea.