Injini imezima, gia inashikwa na nani?

Wadau wa podikasti, huku Mount Druitt karibu kila mjomba anayebeba abiria usiku anataka haibridi. Mkaelezeni hivi, maana vijitabu vya gari ni Kiingereza kitupu.

Kwenye otomatiki ya kawaida, injini ndiyo inazungusha pampu ya oili, na presha ya oili ndiyo inabana klachi za gia. Haibridi ikifika kwenye taa nyekundu, injini inazima. Pampu ikilala, presha inashuka na klachi zinaachia. Ndo maana haibridi kama Kia Sorento ina pampu ya oili ya umeme, presha isipotee.

Toyota Camry, ile iliyojaa kwenye teksi za Sydney, haina klachi za hivyo. Gia na mota mbili za umeme zinagawana kazi; oili inalainisha na kupooza.

Sasa ile tabia ya wajomba ya kuweka nyutro kwenye foleni eti kubana mafuta? Kwenye Camry, ukiwa nyutro betri haichajiwi. Foleni ikiwa ndefu, betri inakwisha. Mwambie kwa adabu: “Shikamoo mjomba, iache kwenye D, kanyaga breki.”