MAONI: 504 ya babu si lazima irudi ilivyotoka kiwandani

Ukirithi Peugeot 504 ya babu, ghafla kila mtu anakuwa fundi. Mjomba anataka iuzwe kwa watu wa skrapu. Binamu anataka rimu kubwa na spika za matatu. Halafu kuna yule mse wa magari ya kale anayekuambia kwamba bila kila spea kuwa orijino, huna gari, una mkebe.

Huyu wa tatu ndiye nataka tubishane naye, maana maneno yake ni matamu na ndiyo yanayomaliza watu doo.

Tuelewane kwanza. 504 si gari hivi hivi. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikaja ikaunganishwa hapa kwetu Mombasa, na ikashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Kabla ya Nissan za abiria 14, wazazi wetu walibanana ndani ya hizo Peugeot wakienda mashambani. Kwa hivyo naelewa kabisa mtu akitaka kuiona iking'aa.

Lakini orijino ni ipi? Gari lililofanya kazi miaka 40 limebadilishwa kabureta, taa, pengine hata injini ikawa ya Toyota. Mse wetu anaita huo uharibifu. Babu hakuwa mjinga, bana. Alikuwa na majani chai ya kufikisha kituoni mvua ikinyesha, na spea za Toyota zilikuwa karibu. Ule mlango uliochomelewa na fundi wa sokoni unaeleza maisha ya mzee kuliko mlango mpya utakaoagiza ng'ambo kwa mshahara wa miezi mitatu. Na hilo neno "orijino" huandikwa hata juu ya boksi la spea feki.

Sisemi usitengeneze kitu. Breki, usukani, mikanda na taa hazina mjadala: weka kinachofanya kazi, kiwe cha Peugeot au la. Na kama injini ya kwanza bado imelala nyuma ya ghala kule ushago, tafadhali usiiuze kwa kilo. Ipake grisi, ifunge kwa nailoni, iweke. Siku moja wewe au mtoto wako mnaweza kuirudisha. Ninachopinga ni kile kisichoweza kurudishwa. Ukikata dashibodi ili uingize skrini kubwa, hapo umemaliza.

Ukilenga Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, sawa, tafuta kila skrubu. Majaji wa pale hukagua gari kwa undani. Ila wengi wetu tunataka tu gari la kwenda nalo nyumbani Desemba bila kusukumwa. Na ukibadilisha injini, peleka mabadiliko NTSA, kwa sababu nambari isiyolingana na hati itakusumbua siku ya kuuza.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda magari hulisahau kabisa. Hiyo 504 huenda bado si yako. Mzee akifariki, gari ni mali ya urithi mpaka mahakama ithibitishe nani anapata nini, na Sheria ya Urithi inafanya kuwa kosa kuchezea mali ya marehemu bila idhini. Kwa hivyo binamu anayeng'oa kabureta wikendi hii "akairekebishe" anaweza kujikuta akijieleza mbele ya wazee, au mbele ya hakimu. Nyumba nyingi zimegawanyika kwa vitu vidogo kuliko gari.

Basi karatasi kwanza, breki zifuate, rangi ingoje. Na kabla hujatupa kile kiti cha mbele kilichochanika, muulize shosho. Ni yeye aliyekikalia miaka hiyo yote.