Kipupwe Bonde la Kilombero: sherehe tunaziwahi, mkutano wa kijiji je?

Daftari la matangazo hapa studio limeanza kujaa. Kila kipupwe kinapokaribia huwa hivyo. Mwisho huu wa Mei yameshaletwa matangazo ya harusi, sendofu, kipaimara, jubilei, mashindano ya mpira ya vijiji na arobaini za misiba. Wapo wanaotaka tangazo lao lisomwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na wengine wanapiga simu kuuliza mbona halijasikika.

Katika kurasa zote hizo nimekuta tangazo moja tu la mkutano mkuu wa kijiji. Liliandikwa kwa mistari miwili, likaletwa jana yake kwa ajili ya mkutano wa kesho.

Makala hii inaeleza kwa nini miezi mitatu ijayo bonde letu litajaa mikusanyiko, ipi inakuja, na kwa nini ule usio na muziki wala pilau ndio wenye uzito kuliko mingine yote.

Kwa nini kila kitu hufanyika kipupwe?

Anayeishi Ifakara, Mlimba, Malinyi au upande wa Ulanga hahitaji kuelezwa sana. Masika yakiisha, maji ya Mto Kilombero na vijito vyake hurudi kwenye mikondo yake. Njia zilizokuwa matope zinapitika kwa bodaboda, na upepo wa kusi unaleta baridi ya usiku inayotutoa makoti sandukuni. Mpunga unavunwa kuanzia Mei, na kwa waliochelewa kupanda hufika Julai. Upande wa Kidatu, msimu wa kukata miwa nao unafunguliwa. Kwa kifupi, chakula kipo, fedha ipo na barabara inapitika. Vitu hivyo vitatu havikutani Februari.

Usafiri nao umebadilika. Kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, aliyetaka kuvuka kutoka Ifakara kwenda Ulanga alitegemea kivuko. Leo familia ya Mahenge inaweza kuja harusini Ifakara na kurudi usiku huohuo. Wigo wa wageni umepanuka, na wigo wa kadi za michango umepanuka pamoja nao.

Nini kinakuja, Juni hadi Agosti

Kombe la Dunia linaanza Juni 11 na kumalizika Julai 19 huko Marekani, Kanada na Meksiko. Kwa saa zetu, mechi zitachezwa jioni, usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo vibanda vya kuonyeshea mpira vitakesha. Sambamba na hilo, vijiji vingi huanzisha ligi zao za kipupwe, mshindi akiondoka na mbuzi au seti ya jezi.

Julai ni mwezi wa Kanisa. Katika Jimbo la Mahenge na Jimbo la Ifakara, ambalo lilizaliwa kutoka Mahenge mwaka 2012, huu ndio msimu wa madaraja ya upadre, nadhiri za masista na jubilei. Maulidi mwaka huu yanaangukia mwishoni mwa Agosti, kutegemea mwandamo wa mwezi. Saba Saba ni Julai 7 na Nane Nane ni Agosti 8. Wakulima wa mkoa wetu hukutana na wenzao wa Tanga, Pwani na Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Kanda ya Mashariki, Uwanja wa Mwalimu Nyerere, Morogoro.

Halafu kuna harusi. Karibu kila Jumamosi kutakuwa na harusi mahali fulani, na ngoma hadi kuche.

Kwa wanaokesha nje, neno moja la afya. Baridi isitufanye tuamini kwamba mbu hawapo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba katika vijiji vya bonde hili mbu aina ya Anopheles funestus hubeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria, hata pale ambapo si yeye aliye wengi. Mbu huyu hupenda maji ya kudumu, kwa hiyo haondoki masika yanapoisha. Mtoto mdogo hana sababu ya kulala kwenye mkeka uwanjani hadi saa 9 usiku wakati chandarua kiko nyumbani.

Fedha ya msimu inakwenda wapi

Mpunga una bei ya chini wakati kila mtu anauza, yaani sasa, na bei hupanda ghala zinapoanza kuwa tupu kuelekea mwanzo wa mwaka. Kila mkulima wa bonde hili anajua hilo. Lakini kadi za michango haziji Januari. Zinakuja Juni, zikiwa na tarehe ya mwisho na jina la mhasibu. Anayedaiwa ahadi tatu hawezi kusubiri bei ipande. Anapakia gunia analoweza, na mara nyingine alishapokea fedha ya mnunuzi mpunga ukiwa bado shambani.

Sisemi watu waache kuchangiana. Michango ni bima yetu. Aliyechangia harusi ya jirani ndiye atakayechangiwa akipata msiba, na hakuna ofisi inayotoa huduma hiyo kijijini. Ninachotaka kionekane ni namna tunavyoilinda michango hiyo.

Mwaka jana nilikaa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu. Kikao cha nne, mhasibu akasoma mapato na matumizi. Mama mmoja wa makamo, ambaye vikao vitatu vya kwanza hakuwa amesema neno, akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu mhasibu, vitunguu umeviandika mara mbili." Daftari likafunguliwa upya, risiti zikatafutwa. Kweli, vitunguu vilikuwa vimeandikwa mara mbili. Hakuna aliyekasirika. Mhasibu akasahihisha, akamshukuru mama, kikao kikaendelea.

Wiki chache baadaye kijiji hichohicho kilikuwa na mkutano mkuu. Nilikwenda kwa kazi yangu ya utangazaji. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa haraka, mwishoni, jua likiwa limeshakuwa kali. Waliohudhuria walitosha chini ya mwembe mmoja. Hakuna aliyeuliza swali, na mama wa vitunguu hakuwepo.

Sheria inasema nini kuhusu mkutano mkuu wa kijiji

Tunaposema "mkutano wa kijiji" wengi wanafikiria ni mkutano wa viongozi ambao wananchi wanaalikwa kusikiliza. Sivyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287, mkutano mkuu wa kijiji unaundwa na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ndio mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika mambo ya sera. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo, iwe ya mifugo kuingia shambani au ya mchango wa maendeleo, inapaswa kwanza kupata maoni ya mkutano huo.

Kwa wanaoishi kwenye mitaa ya mjini Ifakara utaratibu ni tofauti kidogo, lakini haki ya kuitwa na kusomewa hesabu ipo vilevile.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na inapotakiwa ardhi ya kijiji ihamishwe iwe ardhi ya jumla au ya hifadhi, kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, ila baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano.

Kwa nini hapa kwetu ni jambo la hatari

Kuna maeneo ya nchi ambako ardhi haigombewi sana. Bonde la Kilombero si mojawapo. Upande mmoja tuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Ardhi oevu ya bonde, karibu hekta laki nane, iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar. Katikati yake kuna miwa, mashamba ya mitiki, wakulima wa mpunga wa zamani, wakulima waliohamia, na wafugaji wenye ng'ombe wanaotafuta majani hasa kipindi hiki cha ukavu. Kila mmoja ana sababu yake, na wote wanaangalia ardhi ileile.

Kwa hiyo mkutano wa watu 60 katika kijiji chenye wakazi maelfu unaweza kukubali mpaka, kumpa mtu eneo au kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi. Miaka mitano baadaye anayekuja kulalamika anaonyeshwa muhtasari. Muhtasari una tarehe, ajenda na saini. Siku hiyo yeye alikuwa wapi? Pengine kwenye kikao cha sendofu.

Wakati wake nao ni huu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Mikutano ya mwisho wa Juni na Julai ndiyo mahali pa kusikia fedha ya mwaka mzima ilikwenda wapi. Viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wako katika mwaka wao wa pili, muda wa kutosha kuulizwa ahadi na muda wa kutosha kuzitimiza.

Lawama si za upande mmoja

Wenyeviti na watendaji wa vijiji wana hoja yao. Wanasema wanaitisha, watu hawaji, na wanaokuja ni wazee walewale. Mtendaji mmoja aliniambia, "Kaka, nikipiga ngoma wanakuja, nikipiga filimbi ya mkutano wanakimbilia shambani."

Wananchi nao wana hoja. Mkutano unatangazwa jana yake. Unaitwa saa 3 asubuhi, unaanza saa 6 kwa sababu mgeni kutoka wilayani amechelewa. Muhtasari wa mkutano uliopita hausomwi. Anayeuliza swali gumu anaitwa mkorofi. Mwezi Juni nusu ya kijiji bado iko kwenye vibanda vya shambani, inapiga mpunga na kuulinda usiku. Wanawake ndio wanaokosa zaidi, kwa sababu saa za mkutano ndizo saa za maji na jiko.

Yote hayo ni kweli, na yote yanarekebishika bila bajeti. Tangazo litolewe wiki mbili kabla, lisomwe kanisani, msikitini, mnadani na kwenye fainali ya mpira, mahali ambapo watu wapo tayari. Tarehe ipangwe kwa kuangalia kalenda ya sherehe, isigongane na harusi kubwa ya kijiji. Hesabu ziandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ubaoni kabla ya siku yenyewe, ili mtu aje na swali. Muhtasari uliopita usomwe kwanza. Mkutano uanze kwa saa iliyotajwa, mgeni afike asifike.

Maswali manne ya kwenda nayo

Usiende kusikiliza tu. Nenda na haya:

Moja, mkutano uliopita uliazimia nini, na kipi kimefanyika?

Mbili, kijiji kimepokea kiasi gani tangu Julai mwaka jana, kutoka wapi, na kimetumika kwa nini?

Tatu, je, kuna ombi lolote la ardhi lililofika kwenye halmashauri ya kijiji, la nani na la ukubwa gani?

Nne, kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na ramani yake naweza kuiona wapi?

Hayo si maswali ya kisomi wala ya chama chochote. Ni swali la vitunguu, limepelekwa mahali pengine. Bonde hili limejaa watu wanaojua kusoma hesabu, kudai risiti na kumsahihisha mhasibu bila kumvunjia heshima. Tunafanya hivyo kila Jumapili jioni kwenye kamati za harusi, kwa fedha inayoisha ndani ya usiku mmoja. Ardhi watakayolima wajukuu inastahili angalau umakini huo.

Mwenyekiti au mtendaji unayesoma hapa, tuletee tarehe ya mkutano wako mapema. Tutaisoma asubuhi na jioni, kama tunavyosoma harusi. Nawe msikilizaji, ukisikia kijiji chako kimetajwa, iandike tarehe hiyo kwenye ukurasa uleule ulikoandika ahadi zako.