Mgonjwa haulizwi uji, lakini daktari na amuulize

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ilikusudiwa kuhimiza ukarimu: mpe mgonjwa chakula, usingoje akuombe. Hata hivyo, pana maradhi ambayo hayatambuliki mpaka mgonjwa aulizwe, tena kwa lugha anayoielewa, asikilizwe kwa utuvu, na asadikiwe. Hayo ni maradhi ya neva zinazojiendesha.

Neva hizo ndizo zinazoongoza mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho na usagaji wa chakula bila sisi kuziamuru. Zikiharibika, mtu aweza kusimama na damu isimfikie kichwani ya kutosha. Macho yakaingia giza, miguu ikalegea, akaanguka. Visababishi vyake si vigeni hapa Rongo. Kisukari cha muda mrefu huziharibu neva hizo, na hali kadhalika virusi vya UKIMWI. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu, zikimwingia mkulima mwilini, huzivuruga hadi akatokwa na mate, machozi na jasho mfululizo. Naye mchumaji wa majani mabichi ya tumbaku, zao ambalo Migori inalijua vyema, hufyonza nikotini kupitia ngozi akapatwa na kichefuchefu na kizunguzungu.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt, huko Marekani, kilianzisha kituo maalumu cha maradhi haya mwaka 1978. Endapo vyuo vyetu vitataka kufuata nyayo hizo, na sioni kwa nini visitake, swali la kwanza litakuwa: nani akiongoze kituo? Wengi watajibu kwamba atafutwe bingwa wa neva, anunuliwe mitambo, aachiwe kazi. Ubingwa ni wa lazima, wala sibishani na hilo. Ninachodai ni kwamba ubingwa peke yake hautoshi.

Tuna mfano wetu wenyewe. Kuanzia mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilishirikiana kufundisha utabibu mjini Eldoret. Janga la UKIMWI lilipozidi, ushirikiano huo ulizaa mpango wa AMPATH mwaka 2001, na viongozi wake wakatanguliza huduma, mafunzo na utafiti vikafuata. Walipobaini kwamba wagonjwa waliopewa dawa walikuwa na njaa, walianzisha mashamba ya kuwalisha. Hakuna kipimo cha maabara kilichowafunza hilo. Wagonjwa ndio waliosema, na mkuu akawa na sikio.

Katika maradhi ya neva zinazojiendesha, sikio hilo lahitajika maradufu, kwani picha na vipimo vya kawaida aghalabu havionyeshi kasoro. Ushahidi mkubwa ni maneno ya mgonjwa, na hapo ndipo mwanaisimu anapoingia. Neno “presha” kwa wananchi wengi limekuwa jina la maradhi ya damu kupanda. Mtu ambaye damu yake hushuka anaposimama akisema “nina presha,” aweza kupewa dawa ya kuishusha zaidi. “Kizunguzungu” ni nyumba inayozunguka, na pia ni kichwa kuwa chepesi kabla ya kuzirai, ilhali kwa daktari hayo ni mambo mawili. Katika Kijaluo, chuny ni ini na pia ni nafsi. Mkalimani wa papo kwa papo akitafsiri “moyo,” daktari ataandika moyo, na uchunguzi utakuwa umepotoka kabla haujaanza.

Athari zake twaziona madarasani. Mwanafunzi anayeanguka gwarideni kila wiki huitwa mvivu, au husemwa ana mapepo, au huambiwa anaogopa mtihani. Yamkini baadhi yao wana kasoro inayoweza kupimwa: mgonjwa alale, apimwe shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha asimame na kupimwa tena kwa muda wa dakika 10. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi katika dakika 3 za mwanzo, au mapigo ya kijana yakipanda kwa 40 au zaidi kwa dakika na kubaki hivyo bila shinikizo kushuka, pana sababu ya kumpeleka kwa daktari. Kazi hiyo yahitaji kitanda, saa na mashine ya presha, vitu ambavyo hospitali ndogo yaweza kuwa navyo. Kinachokosekana ni mtu wa kulisadiki neno la mtoto.

Kwa hiyo, mkuu wa kituo cha namna hiyo hana budi kuwaajiri wakalimani waliofunzwa, na kuagiza kamusi ya dalili katika Kiswahili, Kijaluo, Ekegusii na Kikuria kabla ya kuagiza mtambo wa kwanza. Wanafunzi wa udaktari nao watahiniwe uwezo wao wa kusikiliza kama wanavyotahiniwa anatomia. Wanaisimu tusingoje kualikwa. Kamusi hiyo twaweza kuianza sasa.

Uji na apewe bila kuulizwa. Ila maradhi yake, yeye ndiye anayeyajua yanavyouma.