Tusiisingizie Baridi Maradhi ya Baridi Yabisi

Lugha ni hazina ya maarifa, lakini aghalabu huhifadhi pia makosa ya wahenga. Mfano bayana ni jina "baridi yabisi", ambalo Waswahili hulitumia kwa maradhi ya viungo kuvimba, kukakamaa na kuuma. Neno "yabisi" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kavu. Kwa hivyo, kila tulitamkapo jina hili, tunadai kwamba mgonjwa ameingiwa na baridi na ukavu.

Dai hilo lina nasaba ndefu. Matabibu wa Kiyunani waliamini kuwa afya ni mizani ya joto, baridi, ukavu na unyevu mwilini. Wanazuoni wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliyaendeleza mafunzo hayo, na utabibu wa pwani yetu ukayarithi. Wala Kiingereza hakikusalimika. Alfred Garrod, daktari wa London aliyependekeza mwaka 1859 jina ambalo leo tunalitamka rumatoidi athraitisi, alilijenga juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwani hapo kale ilisadikiwa kuwa majimaji mabaya hutiririka na kutuama kwenye viungo.

Jina "baridi yabisi" hujumuisha maradhi kadhaa. Hapa ninaizungumzia hiyo rumatoidi athraitisi, ambayo chanzo chake hakimo katika hali ya hewa. Wagonjwa wengi husema kwamba maumivu huzidi wakati wa baridi, lakini kuzidisha maumivu si kuyazaa maradhi. Adui wa mgonjwa ni kinga yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Seli zetu hubeba molekuli ambazo kazi yake ni kuzionyesha seli nyeupe za damu vipande vya protini, mithili ya raia anayemwonyesha askari kitambulisho. Molekuli hizo huundwa kwa maagizo ya jeni za kundi liitwalo HLA. Mnamo 1978, mtafiti Peter Stastny alionyesha kwamba aina fulani za jeni hizo huonekana zaidi miongoni mwa wenye maradhi haya. Mwenye aina hizo ni rahisi zaidi askari wake kumdhania mwenyeji kuwa mgeni. Moshi wa sigara nao huzibadilisha protini za mapafuni na kuuchochea mkanganyiko huo. Ndipo mwili unapounda kingamwili dhidi yake wenyewe, pengine miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijauma. Hatimaye utando wa ndani ya kiungo huvimba, ukala gegedu na mfupa.

Hata hivyo, urithi si hukumu. Uchunguzi wa mapacha uliochapishwa Uingereza mwaka 1993 ulionyesha kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake anayefanana naye kabisa kwa jeni aliugua pia katika takriban jozi 15 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana, idadi ilikuwa karibu jozi 4. Tofauti hiyo yathibitisha kuwa nasaba ina nguvu. Lakini kumbuka wale 85 wenye jeni zile zile ambao hawakuugua. Darasani tumezoea mifano ya selimundu na ualbino, ambapo jeni moja hutosha kueleza mambo. Mwanafunzi asipoonywa, atadhani kila maradhi ya kurithi huenda hivyo, na binti wa mgonjwa atajiona tayari amehukumiwa.

Ubishi huu si wa maneno matupu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na maradhi haya, takriban asilimia 70 yao wakiwa wanawake. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alivaa glavu na kujichua kwa mafuta kwa karibu miaka miwili, akiamini kwamba maji baridi ya alfajiri ndiyo yaliyomponza. Alipomfikia mtaalamu, vidole vilikuwa vimekwisha kupinda, na chaki haikushikika tena. Ilhali miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kuu: dawa kama methotreksati, zikianzwa mapema, huweza kuzuia uharibifu ambao baadaye haurekebishiki. Mnamo 1992, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwatibu wagonjwa jijini London kwa kuzuia ishara moja tu ya mfumo wa kinga, na uvimbe ukapungua. Hawakuwapa mablanketi.

Je, tulitupilie mbali jina la kale? Wapo wanaopendelea hivyo, lakini mimi sioni haja. Neno "malaria" kwa Kiitaliano lilimaanisha hewa mbaya, na bado tunalitumia. Halimpotoshi mtoto wa shule kwa sababu mwalimu amemfundisha habari za mbu. Jina hupoteza sumu yake pale maarifa yanapoingia.

Basi na tufanye vivyo hivyo. Mwalimu wa biolojia afundishapo kinga ya mwili, aeleze pia jinsi kinga hiyo inavyoweza kumgeukia mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili naye awazoeze wanafunzi maneno kingamwili, gegedu na jeni, wayatumie katika insha pasi na kubabaika. Kisha mwanafunzi huyo, akimwona mama yake akiamka na vidole vya mikono yote miwili vilivyovimba na kukakamaa kwa muda unaokaribia saa nzima, siku baada ya siku, asimtafutie sweta. Ampeleke kwa daktari, damu ikapimwe.