Kabla Uuze Ng'ombe Ununue Piano, Nisikize

Kuna swali nimeulizwa na wazazi wengi tangu ile video yangu ya piano: "Kijana, msichana wangu anapenda muziki, nimnunulie piano gani?" Leo nitajibu mara moja, tumalizane. Lakini kwanza nikiri kitu. Ile video haikuwa na ukweli wote.

Wengi mnaikumbuka. Piano kubwa ya mbao inashushwa kwa lori hapa Loitokitok, Kilimanjaro iko nyuma inang'aa, mdogo wangu anatokwa na machozi ya furaha. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa hivyo. Kile sikuwaonyesha ni pesa ilitoka wapi. Yeyo aliuza ng'ombe wawili sokoni Kimana. Na ni mimi nilimwambia auze.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo yangu ilitoka zizi hilo hilo. Hakuna mtu nyumbani hunikumbusha, na hiyo ndiyo huuma zaidi. Kwa hivyo niliposikia familia fulani Kitengela inahama na inauza piano yake ya zamani kwa bei ya kutupa, niliona nafasi ya kuonekana mtu wa maana. Sikuuliza umri wake. Sikubonyeza hata nusu ya vibonyezo. Niliichagua kwa macho, kwa sababu ingependeza kwa kamera. Basi.

Sasa wacha niwaambie kile ningefaa kujua. Piano ya mbao ina nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani zaidi ya 15. Ubao unaotoa sauti hufura ukipata unyevu na hunywea hewa ikikauka. Na wewe unajua hali ya hapa kwetu: asubuhi ukungu wa mlima, kiangazi vumbi kutoka upande wa Amboseli. Mbao inacheza, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Ndiyo maana piano inafaa kusawazishwa angalau mara mbili kwa mwaka. Fundi wetu alitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 200. Nauli, chakula, pa kulala, halafu ndiyo ulipe kazi.

Tulimleta mara moja tu. Alifungua mbele, akamulika na tochi, akanyamaza. Ubao ulikuwa umepasuka, nondo walikuwa wamekula kitambaa cha vinyundo, na zile pini zinazoshika nyuzi hazikuwa zinashika tena. Akasema, "Hii ni kabati nzuri sana."

Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Kabla fundi aje, mdogo wangu alikuwa amefanya mazoezi miezi saba kwa piano iliyoshuka karibu nusu sauti. Sikio lake likazoea. Siku alipoketi kwa kinanda cha kanisa, kila kibonyezo kilimjibu kitu tofauti na alichotarajia. Akapotea katikati ya wimbo. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Alikaa wiki nyingi bila kugusa kinanda chochote. Ng'ombe unaweza kununua wengine. Moyo wa mtoto ukivunjika hivyo, utauza nini?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huishi karibu na fundi, usinunue piano ya mbao. Najua mtaniambia mbao ina sauti tamu na mguso wa kweli. Ni kweli kabisa. Kama uko Nairobi, mji ambao Kenya Conservatoire of Music imefunza muziki tangu 1944, nunua, utapata walimu na mafundi. Sisi wa huku tuwe wakweli na mazingira yetu.

Na ukiambiwa ni ya zamani sana, angalia vibonyezo vyeupe. Vikiwa na mstari mwembamba wa kiungo, kama vipande viwili vimeunganishwa, huenda ni pembe za ndovu. Karne ya 19 pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar hadi Ivoryton na Deep River, Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Sisi tunaoishi na ndovu wa Amboseli hatufai kuleta hiyo sebuleni, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na mtu anayepatikana na pembe bila kibali.

Lakini usikimbilie pia kinanda cha bei rahisi. Fanya jaribio hili dukani: bonyeza kibonyezo kimoja polepole, halafu kwa nguvu. Sauti ikitoka ileile, hiyo ni swichi ya taa. Yamaha PSR-F52, kwa mfano, ina vibonyezo 61 na haisikii nguvu ya kidole. Kwa kusindikiza kwaya ni sawa. Kwa mtoto anayejifunza piano, mkono utalala. Na ile batani ya kuhamisha ufunguo, ambayo wapiga vinanda wengi wa kanisa wanaitegemea, mwambie asiiguse mpaka ajue kucheza funguo zote.

Tafuta piano ya dijitali yenye vibonyezo 88 vizito, pedali, na tundu la hedifoni. Hapa kwetu ongeza sharti moja: itumie betri, kwa sababu stima hupotea. Yamaha P-45 ni nzuri lakini inataka umeme wa ukutani. Casio CDP-S100 inakubali betri sita ndogo za AA na ina uzito wa kilo 10.5, unaweza kuibeba hata kwa matatu. Ukifika Luthuli Avenue usione haya. Sema iwashwe, bonyeza vyote 88 kimoja kimoja. Muuzaji akikunja uso, nenda duka la pili.

Na mpeleke mtoto mwenyewe. Mwambie afumbe macho, acheze.

Ya pili sikumwomba yeyo pesa. Niliuza kamera yangu, ndiyo maana siku hizi video zangu ni za simu. Mdogo wangu ameanza upya, polepole, usiku akiwa na hedifoni. Ile ya mbao bado iko sebuleni, juu yake kuna thermosi na picha ya babu. Wageni huisifu sana. Yeyo huwajibu, "Asante, kijana wangu ndiye alichagua."

Huwa natoka nje kidogo.