Hana: Jina lenye neema

Binti anayeitwa Hana huanza kutaniwa mapema. "Hana nini?" wenzake humuuliza, kwa kuwa katika Kiswahili jina hilo husikika kama kukosa. Asili yake ni kinyume kabisa. Kwa Kiebrania, Hana ni neema au fadhili, na mzizi huo huo umo katika jina Yohana, yaani "Mungu amefadhili".

Jina lilipoingia katika Kigiriki lilipoteza sauti ya mwanzo, likawa Anna. Kutoka hapo Wafaransa wakapata Anne, Wahispania Ana. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili ina Hana, mama yake Samweli, katika Agano la Kale, na Ana, nabii mke mzee wa hekaluni, katika Injili ya Luka. Jina ni moja.

Hana wa kwanza naye alichokozwa na mke mwenzake kwa kukosa mtoto, kabla ya kumzaa Samweli. Mzazi aliyempa bintiye jina hilo amweleze maana yake kabla hajaanza shule. Akiulizwa "Hana nini?" awe na jibu: "Hana ni neema."